Mtu wa Ndani

Al-Naseem, Riyadh
14 Septemba 2024

Kwa shemeji yangu Velma, mke wetu wa Jeddah,

Pokea salamu nzito kama injini ya lori. Mimi ni mzima, nimenenepa, shingo imeanza kupotea kama ya diwani. Mama anakusalimu kutoka nyumbani. Goti linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa. Juzi alinigombeza kwa simu dakika arobaini bila kumeza mate. Ng'ombe amezaa, dume. Wewe na bibi unayemuuguza mnaendeleaje? Dereva wetu Kipchumba anasema madam bado anafungia simu yako kabatini, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono huu wa darasa la saba na kumpa yeye kwenye lori lake. Usicheke herufi. Mkono huu umeshika vitu ambavyo maprofesa wameviona kwa picha tu.

Kwa mfano ndege ya jeshi. Kaa chini kwanza.

Kuna mzee anaitwa Abu Nawaf, sajenti mstaafu, alikuwa fundi wa ndege zao tangu enzi za babake kafili wangu, yule tajiri anayeshika vibali vyetu. Alileta gari pale gereji, akaniona nikinyoosha mlango wa lori uliokunjika kama chapati. Akasimama, akatazama, akasema, "Wewe, Ijumaa unafanya nini?" Basi nje ya mji, jangwani, wastaafu wenzake wana banda kubwa wamekusanya ndege kuukuu za kijeshi, wanazifufua kwa mikono yao. Halipwi mtu. Kila mmoja huja na chupa yake ya kahawa na kikohozi chake. Wanapaita makumbusho, ingawa wageni wengi ni njiwa. Sasa wako kwenye Dakota, ndege ya mizigo ya propela mbili, imemzidi Mama umri. Wazee kumi na mmoja, na hakuna aliyejua kunyoosha bati. Nikaingia mimi. Sasa wananiita muhandis. Mwambie jirani yako Emmah, yule anayesema mimi ni fundi wa sufuria.

Kazi yenyewe ni ileile tuliyofanya na mdogo wangu Kevin kule Kisumu, tulipokuwa tunaunda bodi za mabasi: ribiti, vile vipini vya chuma vya kushonea bati. Mmoja nje anapiga kwa mashine, mwingine ndani ameshika kipande cha chuma nyuma ya ribiti ili mkia wake ubonyee. Hamwonani, bati liko katikati. Masikio mmeziba kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo mtu wa ndani anakujibu kwa kugonga, nawe unamsikia kwa kiganja. Akigonga mara moja, imeshika. Mbili, piga tena. Tatu, imeharibika, ng'oa uanze upya. Dunia nzima mafundi wanajua hiyo. Kevin peke yake ndiye aliongeza ya nne: njaa, twende tukale.

Ndiyo nimemtaja. Mwaka na miezi mitatu sasa tangu aondoke kwangu kuja kwako, na wewe ukaniambia hakufika. Mama amechoka kungoja. Anataka tuzike tunda la yago badala yake, kama wazee wanavyofanyia mtu aliyepotelea mbali na mwili usijulikane. Wamepanga tarehe 14 Desemba, watoto wakiwa wamefunga shule. Lakini mimi ndiye mkubwa, na bila neno langu jembe haliingii ardhini. Nataka na neno lako. Barua zako mbili zilizopita umeandika habari za hali ya hewa.

Ni mimi shemeji yako, Daktari wa Mabati,
Injinia Hezron Onyango


Al-Nuzha, Jeddah
6 Oktoba 2024

Shemeji Hezron,

Salamu zako nimezipata, na zile chupi za joto ulizomtuma Kipchumba aniletee nimezipata pia. Jeddah hakuna baridi, shemeji, lakini asante. Bibi anakula vizuri. Ananiita jina la binti yake aliyekufa, nami naitika, kwa kuwa nikikataa hali chakula. Mpe Mama pole ya goti, asugue mafuta ya taa kidogo yaliyochanganywa na chumvi. Watoto waambie nimewanunulia viatu.

Nimefurahi umepata marafiki. Usipande juu ya ndege bila kamba.

Kuhusu lile jambo la Mama, mwambie angoje. Yago si kitu cha kuharakisha. Mtu akizikiwa tunda, limekwisha, halirudi mtini. Mwambie tu angoje.

Huku unyevu ni mwingi, nguo hazikauki.

Velma


Al-Naseem, Riyadh
19 Oktoba 2024

Shemeji mpendwa, mke wetu mwenye kuandika kama bahili wa wino,

Habari za viatu nimepeleka, watoto wamefurahi, yule mdogo anauliza kama vinawaka taa. Mimi ni mzima. Yaani mwili ni mzima.

Sikiliza, na usimsomee Emmah. Jana Ijumaa tulianza saa moja asubuhi kama kawaida. Saa tano wazee huondoka kwenda kuoga na kujiandaa kwa sala, mimi Mkristo hubaki kufagia na kulinda. Tulikuwa kwenye ubavu wa kushoto karibu na mkia, mimi nje na Abu Nawaf ndani. Napiga, anagonga moja. Napiga, moja. Kazi inateleza kama ugali na siagi. Ribiti kumi na saba, shemeji, safu imenyooka kama askari. Halafu kiganjani nikapata mapigo manne.

Nilicheka. Nikasema kwa Kiarabu, "Hata wewe mzee una njaa?" Nikatoa vizibo masikioni. Adhana ilishatoka, nasikia hotuba ya msikiti wa mbali, na gari la Abu Nawaf halipo.

Nikaingia ndani kwa magoti. Hakuna mtu. Jua linaingia kwenye matundu ambayo hayajazibwa, mistari mistari kwenye vumbi, na kile kipande cha chuma kiko sakafuni. Nilikishika. Kilikuwa na joto la mkono.

Mzee aliporudi na wali alisema aliondoka baada ya ribiti ya tano. Aliniaga, ila masikio yangu yalikuwa yamezibwa. Ina maana kumi na mbili nilishikiwa na nani? Maana bila mtu wa ndani mkia haubonyei, bati linabonyea lenyewe. Abu Nawaf alipanda na tochi akazipapasa moja moja. Akatoka akiwa ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Safi kuliko zangu. Nani alikushikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Una mikono mirefu, Hezron."

Mimi si mwoga, unanijua. Nimefanya kazi Juba risasi zikilia, nimelala Dubai uwanja wa ndege siku tatu kama mzigo uliosahaulika. Lakini wali ule sikuumeza. Ya nne anaijua nani, Velma? Haiko kwenye kitabu chochote. Sijamfundisha mtu hapa.

Shemeji yako,
Hezron, Mkuu wa Anga


Al-Nuzha, Jeddah
10 Novemba 2024

Shemeji,

Hujambo. Bibi amelazwa siku mbili, amerudi. Naandika haraka jikoni.

Ilikuwa saa ngapi hasa? Umesema saa tano walipoondoka, lakini yale manne yalikuja saa ngapi? Hotuba ilikuwa imeanza au bado?

Usiniandikie tena habari za mle ndani. Au niandikie. Sijui.

Usitoe neno kwa Mama kabla hujapata barua yangu nyingine. Ninayo, naiandika. Nikifika mahali fulani kalamu inakataa, naichana.

Velma


Al-Naseem, Riyadh
30 Novemba 2024

Shemeji Velma,

Salamu. Baridi imeingia Riyadh, sasa zile chupi za joto ningezihitaji mwenyewe. Mama amempata mchungaji. Yago lenyewe amelichagua kwa mti wa kule mtoni, refu kama paja la mtu mzima. Amenunua shuka jeupe la kulifunga. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayemnunulia mtoto sare ya shule.

Umeuliza saa. Hotuba ilikuwa inaendelea, labda saa sita na robo. Kwa nini?

Yametokea tena Ijumaa mbili. Sitakuficha: sasa wazee wakiondoka mimi naendelea kupiga makusudi. Sizibi masikio. Naweka ribiti, napiga, nangoja, na kutoka ndani inarudi moja, taratibu, kama mtu anayefanya kazi akiwaza jambo lingine. Niliuliza kwa sauti, "Ni wewe?" Hajibu maneno. Anajibu kazi tu.

Lakini nilipanda kukagua mikia. Mtu wa mkono wa kulia akishika chuma, mkia unalalia kidogo kulia. Abu Nawaf zake zote zimelalia kulia. Hizi zimelalia kushoto. Na ni nani aliyekuwa anapigwa kwa rula shuleni kwa kuandikia kushoto, nami nikimpigania uwanjani?

Basi nimeamua hivi. Mtu akija kukushikia chuma bila kuonekana si mtu aliye hai. Nimemngoja nikiwaambia watu Kevin amepata kazi melini, Kevin yuko Oman, Kevin ni mjanja kama mimi kaka yake. Niliwaambia mpaka nikajiamini. Kama barua yako haijanifikia hadi tarehe 13, nitatoa neno langu.

Nawe usiogope ujane. Nipo. Si unajua kwetu kaka mtu hana kazi nyingine ila kurithi mke.

Natania, shemeji.

Hezron


Al-Nuzha, Jeddah
3 Desemba 2024

Hezron,

Leo sina salamu ndefu. Madam amempeleka bibi kliniki, nina saa mbili, na safari hii sitachana.

Kevin alifika.

Alifika kwa basi siku mbili baada ya kuondoka kwako. Alipata kitanda Ruwais, chumba cha vijana wa Kisii, akaosha magari. Nilimwona Ijumaa nne. Mlikuwa mmegombana na ulimwita mtoto, kwa hiyo alitupa laini ya simu akaniambia, "Mwambie sijafika. Mwache anitafute kidogo, atajua mimi si mtoto." Akacheka sana. Ndiyo nikakwambia hakufika. Ulikuwa mzaha wa wiki moja.

Halafu tumbo likamshika upande wa kulia. Tukamwambia twende hospitali. Akasema ikama yake, kibali cha kukaa, imekwisha, watamkamata. Akasema, "Kaka ameongea na kafili, karatasi iko mezani, mwisho wa mwezi iko tayari. Zimebaki siku nane. Nitavumilia siku nane." Alihesabu, Hezron. Siku ya sita alikuwa hasemi tena. Aligonga ukuta mara nne. Wenzake wakadhani anataka maji. Mimi nilijua, alikuwa amenieleza habari ya zile ribiti zenu. Nikampikia uji kwa jiko la watu. Haukupita kooni. Tulimbeba kwa nguvu siku ya saba na madaktari walisema amechelewa.

Alikaa kwenye friji wiki sita. Mimi ndiye mke, nikaitwa. Karatasi ilisema azikwe hapa hapa, nikaweka sahihi. Najua kwetu haifanyiki hivyo, najua mwana wa mtu hafunikwi kwa mchanga wa watu. Niliweka sahihi kwa kalamu ya karani. Alizikwa Ijumaa, makaburi ya wasio Waislamu, safu ya tisa, namba nyuma ya karatasi hii. Saa ile ndiyo pekee madam aliyonipa ruhusa, wao wakiwa msikitini. Tulikuwa watatu, na wawili walikuwa wachimbaji. Tulipomaliza hotuba ilikuwa inaendelea. Ndiyo maana nilikuuliza saa.

Utasema kwa nini sikusema. Ningesema amekufa, ningelazimika kusema amekufa akingoja nini. Na wewe kila barua unanichekesha, unanitumia chupi za joto. Na ukianza kuniita mke wetu, naogopa nikisema tu neno mjane, utani utakoma kuwa utani.

Yago ni la mtu asiyejulikana alipo. Huyu anajulikana. Zuia Mama. Tafadhali zuia Mama.

Velma


Al-Naseem, Riyadh
21 Desemba 2024

Shemeji Velma,

Pole kwa ukimya. Kipchumba amehamishiwa njia ya Dammam mwezi mzima, sijui hata hii itasafiri lini. Barua yako sikuipata, nikatoa neno.

Ilifanyika vizuri, usilie. Mahema matatu, kwaya, watu walikula wakabeba. Nilihudhuria kwa simu ya binamu, nimevaa suti hapa chumbani kwangu nikiwa nimesimama. Niliona kaburi la kweli na jeneza dogo la kweli. Mama hakulia mpaka walipofunika, ndipo akauliza, "Mbona jepesi hivi?"

Nilidhani sasa yule wa ndani atapumzika. Jana nikaenda. Abu Nawaf mwenyewe alikuwa ndani, nakiona kiatu chake kwenye tundu. Nikapiga ribiti. Kiganja kikapata tatu. Nikaing'oa kwa keekee, nikaweka mpya. Tatu. Nikang'oa. Nimeng'oa ribiti thelathini na mbili, safu yote ya Oktoba na zilizofuata, Velma, mpaka mzee akatoka akanishika bega.

"Hezron, halas, basi. Nimekugongea moja. Kila mara nimekugongea moja."

Mkono wangu umevimba. Abu Nawaf amenirudisha nyumbani kwa gari lake, na njia nzima hakufungua redio.

Kuna kitu hujaniambia. Kuna kitu nami sijakwambia. Acha kwa leo.

Hezron


Ruwais, Jeddah
23 Januari 2025

Velma,

Niko Jeddah. Nimefikia chumba kile kile cha vijana wa Kisii, wamenionyesha ukuta. Hii anakuletea Emmah, kwa sababu madam wako hataki mwanamume mlangoni. Ndani nimeweka na ile ya Desemba ambayo haikusafiri. Isome ujue ulipokuwa unaniambia zuia, mimi nilikuwa nimevaa suti.

Yako ilikaa kwenye dashibodi ya Kipchumba hadi tarehe nne mwezi huu. Alinipa akiomba radhi kwa alama ya kikombe cha chai. Nimemwambia hana kosa.

Kosa nalijua lilipo. Kafili sikumwona. Nilimwambia Kevin nimekula naye, nimemweleza, karatasi iko mezani, halas. Sikwenda hata mlangoni. Miaka sita namjua yule mtu kwa honi ya gari lake tu. Ningewaambiaje watu, mimi Hezron, kwamba ninamwogopa? Nilikuwa nangoja siku nzuri. Kila wiki nilikuwa nangoja siku nzuri.

Juzi ilibidi niende kuomba ruhusa ya safari. Nilibisha hodi. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza habari za mama. Akanipa siku tano. Dakika kumi, Velma, na chai ikiwemo. Nilipoinuka nikamwambia nilikuwa na ndugu, ikama yake iliisha. Akasema, "Ungeniambia. Kwa nini hukuniambia?"

Mama nimemwambia yote, la kwangu kwanza. Nilimwambia pia kuwa sahihi si kosa lako, ulibaki peke yako ukafanya ya mtu mzima. Wazee wanasema tunda halifukuliwi, kaburi ni kaburi. Mama akasema, "Basi mwanangu ana makaburi mawili, na hakuna aliyewahi kukaa naye hata moja. Nenda ukakae." Nimeenda jana na leo. Mlinzi ameniruhusu kuanzia asubuhi hadi alasiri. Safu ya tisa. Namba imefutika nusu lakini niliipata, kuna kiatu kimoja cha plastiki cha mtoto karibu yake, cha mtu mwingine.

Nilikaa chini kabisa. Nilimwambia habari ya kafili kama nilivyokueleza wewe, bila kuongeza chumvi, na ni vigumu, sijazoea. Nikaweka kiganja kwenye mchanga. Una joto hata Januari. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa tatu. Ningepokea hata tatu.

Hakugonga. Leo pia hakugonga. Sijui kama amenisikia akaridhika, au amenisikia akanigeuzia mgongo. Abu Nawaf alinipigia mchana, anasema banda limetulia na wamefunga ule ubavu wa kushoto kwa maturubai mpaka nirudi. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa nje.

Kesho ni Ijumaa. Emmah anasema ukiwahi kumlaza bibi utapata ile saa yako. Njoo makaburini wewe dada yangu, na naliandika neno dada nikijua ninachoandika. Wewe huna deni naye. Uliza chochote unachotaka kumuuliza, hata kama ni juu yangu. Mimi nitasimama nje ya geti, na masikio nitayaziba.

Hezron